Kinyozi wa Maporomoko

Ulikuwa mwaka ule mto ulipobeba daraja. Hapana, ngoja, nisianze kwa uongo. Daraja lilikuwa bado lipo, maana nakumbuka Kinyozi alilipaka rangi ya kijani upande mmoja tu, ule wanaoingilia wageni, na upande wa pili akauacha na kutu yake. Basi ni mwaka uliotangulia, ule wa ukame. Ndiyo, wa ukame. Bila ukame ule tusingeyaona tuliyoyaona.

Mimi kazi yangu ni kunoa. Visu, mikasi, mapanga, chochote chenye makali, na nikimaliza mji mmoja nahamia mwingine. Mji ule nilikaa muda mrefu kuliko nilivyokusudia, magoti yaligoma, nikapanga chumba cha uani kwa mjane mmoja aliyeitwa Mama Vitunguu kwa sababu ya shamba lake. Kinyozi alikuwa mdogo wake, tumbo moja.

Nilimjua kwanza kwa zana zake, na zana zake zilikuwa butu. Dukani alikuwa na kiti cha kuzunguka ambacho hakizunguki, kioo kirefu chenye ufa, na ukutani picha za vichwa vya vijana walionyolewa mitindo ya kila namna. Ukimwonyesha mtindo unaoutaka, anakuitikia vizuri sana, "Huo ndio wenyewe, bosi," halafu anakunyoa ule ule aliomnyoa mtu wa kabla yako. Shuka jeupe la kufunga wateja shingoni ndicho kitu pekee alichokitunza. Analifua mwenyewe, analipiga pasi, analikung'uta mlangoni kama bendera.

Siku moja mteja mgeni alimwomba ampeleke kwenye maporomoko. Alikwenda kinyozi, akarudi mtaalamu. Akanunua filimbi. Akanunua suruali ya rangi ya krimu, ya kutembelea msituni, hebu fikiria, krimu! Ukimwita Kinyozi haitiki mpaka umwite Kiongozi.

Sasa nieleze mahali penyewe. Juu ya mji ule kuna msitu, na ndani yake unapita mfereji wa zamani, waliouchimba mababu wa pale kwa majembe, umeshika ubavu wa mlima mpaka mashambani. Kando yake kuna njia ya mguu. Ukiifuata kupanda unafikia mto unapoanguka kutoka mwambani. Mfereji unachukua maji juu kidogo ya hapo, kwenye banio, yaani mdomo wa mfereji, unaozibwa na kuzibuliwa kwa mabonge ya udongo na magunia ya mchanga. Kwa hiyo maji ni yale yale. Yakiingia mfereji, maporomoko yanakonda. Ukiziba banio, maporomoko yananenepa na mashamba yanakauka. Hakuna cha kusomea hapo.

Wenye mashamba wanapeana maji kwa zamu, na zamu hailindwi na mtu, inalindwa na kitambaa. Mwenye zamu anapanda, anaweka banio anavyotaka, hata kuliziba kama anasafisha mfereji, kisha anafunga kitambaa chake kwenye mti mkavu uliosimikwa pale na kuteremka shambani. Kila mtu anavijua vitambaa vya wenzake. Watu wale nimewaona wakigombea mpaka, wakigombea kuku, wakigombea mume, lakini kitambaa cha mtu kikiwa juu hakuna anayegusa banio.

Kinyozi hakuwa na shamba. Sehemu yake aliiuza zamani akanunua kile kiti kisichozunguka.

Asubuhi moja alinijia uani, filimbi shingoni.

"Babu, simama twende. Nina wageni wa ofisi ya bima. Utatembea nyuma na birika la chai. Nitawaambia wewe ndiye mzee wa msitu."

"Mimi si wa hapa, Kinyozi."

"Kiongozi."

"Mimi si wa hapa, Kiongozi."

"Mvi ni mvi, Babu. Nani atauliza zimeotea wapi?"

Nikaenda, maana mtu mwenye magoti mabovu hufurahi akihitajika. Wageni walikuwa kundi la watu wenye viatu vipya, na mama mmoja mcheshi wa kofia nyekundu aliyeuliza kila kitu. Kinyozi alitangulia. Kila pumzi ilipomwishia alisimama, akanyoosha mkono na kusema, "Hapa tunasimama kwa ajili ya mandhari." Mandhari yenyewe kichaka.

"Huu mti unaitwaje?" akauliza wa kofia.

"Huo ni mti wa dawa."

"Na ule?"

"Ule nao wa dawa. Ila ule dawa yake kali, msiuguse."

"Na huu mfereji nani aliuchimba?"

"Majitu," akasema Kinyozi bila kupepesa. "Majitu, kwa kucha zao. Ni gofu hili, halitumiki tena. Muulizeni mzee wa msitu."

Wakanigeukia. Mfereji ulikuwa unapita miguuni pao umejaa maji, unaimba, ndio unaonywesha vitunguu vya dada yake, na huyu anauita gofu. Mimi nikawamiminia chai.

Tukafika. Na kwa vile ulikuwa ukame na maji yote yameingia mfereji, kilichokuwa kinashuka pale mwambani ni uzi.

"Kaka," akasema wa kofia nyekundu, "umetutembeza mlima wote huu kuja kuangalia bomba linalovuja?"

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Kinyozi jasho likamtoka. Akasema anakwenda kuongea na mlima, akakwea pembeni, akapotea. Tulipomaliza chai, uzi ukawa kamba, kamba ikawa mkeka, mara maji yakashuka kwa kishindo na ukungu ukatulowesha. Wageni wakapiga makofi na kupigana picha. Kinyozi akateremka mikono ina tope mpaka kwenye viwiko, anatabasamu kama yeye ndiye aliyeumba maji.

Mkubwa wa kundi akamshika bega. "Jumamosi ya wiki ijayo nitaleta ofisi nzima, na mkurugenzi wetu. Tukiridhika tutakuwekea kibao barabarani, na kila kundi letu litapita kwako."

Kibao! Nilimwona Kinyozi akikisoma kichwani, jina lake na herufi kubwa. Akaliacha banio limezibwa. Na ili wenye mashamba wasilizibue, akafunga kitambaa pale juu. Sio chake. Alifunga kitambaa cha dada yake, cha buluu chenye ndege wa njano, ambacho Mama Vitunguu alikuwa amempa cha kufutia kioo dukani.

Mama Vitunguu alikuwa na kitalu cha miche ya vitunguu nyuma ya nyumba, imechomoza kama nywele za mtoto. Msimu ule ndio ulikuwa tegemeo lake. Mwanawe wa mjini alishamwambia, mama, vitunguu vikikuangusha tena safari hii, uza shamba uje ukae na sisi. Aliwahi kukaa nao. Mkwewe alimlaza sebuleni nyuma ya friji, na televisheni ikizimwa ndipo naye anaruhusiwa kulala. "Mzee wangu," aliniambia, "mimi kule si mama, mimi ni mzigo uliokosa kabati."

Basi maji yakakatika. Siku ya kwanza akadhani mtu anasafisha mfereji. Ya pili akabeba maji ya kisimani kwa ndoo, na kisima chenyewe kilikuwa kinatoa matope. Miche ikaanza kulala. Halafu wakaja majirani, wamefura.

"Mama Vitunguu, toa kitambaa chako juu! Unasafisha mfereji gani usioisha? Unatuua!"

"Kitambaa kipi?"

"Usijifanye hujui. Cha buluu, cha ndege."

Akaniangalia mimi, nami nikaangalia jiwe langu la kunolea. Angewaambia majirani, wangemvunja Kinyozi mguu siku hiyo hiyo. Hakusema. Alikaa akisubiri mdogo wake atie akili mwenyewe, na akili haikuja, miche ikazidi kulala. Ijumaa jioni akang'oa bonge la miche iliyonyauka, akalitia kwenye sinia, akaenda nalo dukani. Nilikuwepo, nimepeleka mikasi. Kinyozi alikuwa anamnyoa fundi cherehani. Mama Vitunguu akaweka sinia mbele ya kioo.

"Nyoa na hii," akasema.

Fundi cherehani akacheka, akidhani ni utani. Kinyozi hakucheka.

"Dada, wateja wangu hawa."

"Nimewaona. Kitambaa changu kiko wapi?"

"Kipo. Kimelowa. Dada, ni kesho tu. Kesho mkurugenzi anakuja."

"Kesho mimi nakwenda juu na jembe."

"Utaniaibisha mbele ya watu, dada? Mimi? Uliyenibeba mgongoni?"

"Ningejua ningekubwaga," akasema, akaondoka. Sinia akaliacha pale pale. Kinyozi akamgeukia fundi cherehani na kusema wanawake na vitunguu vyao, hawana macho ya mbali. Lakini ile miche hakuiondoa. Nilipotoka alikuwa bado ananyoa, kila mara anaiangalia, na kisogo cha fundi cherehani kikatoka na mabonde.

Kulipokucha tukapanda, mimi na Mama Vitunguu. Wageni walishatangulia. Tulifuata mfereji mkavu, una majani makavu na kaa mmoja anayezunguka pasipo na maji. Yeye alitembea mbele, jembe begani, hasimami kwa ajili ya mandhari yoyote. Mimi nahema nyuma.

Hatujafika hata kwenye kona ya kwanza, akasimama ghafla.

"Unasikia?"

Nilisikia kama mtu anafagia. Kisha tukaona. Maji yalikuwa yanateremka mfereji kutujia, yanasukuma majani na vijiti mbele yake, povu la kahawia, polepole, yanajaza shimo hili kwanza ndipo yanaendelea na lile. Yakampata yule kaa, akaenda zake. Yakatupita.

"Nani kazibua?" akauliza Mama Vitunguu. Mimi na yeye tulikuwa hapo, na jembe lake lilikuwa kavu.

Tukapanda mpaka banioni. Hapakuwa na mtu. Mabonge ya udongo yalikuwa yamepangwa pembeni. Kitambaa cha buluu kilikuwa kimekunjwa vizuri juu ya jiwe. Na kwenye ule mti, pamefungwa shuka jeupe la kinyozi, limepigwa pasi, vinywele vya fundi cherehani bado vimenasa kwenye pindo.

Chini yetu tuliwaona wageni wamekusanyika kwenye bwawa. Maporomoko yalikuwa yanakonda mbele ya macho yao, mkeka, kamba, uzi. Mkurugenzi, mtu mnene mwenye taulo shingoni, alikuwa ameshaingia majini.

"Ndio haya?" tukamsikia. "Hata bafu langu lina nguvu zaidi!"

Kicheko kikapanda mpaka tulipo. Kinyozi alisimama kwenye jiwe, filimbi kifuani, suruali ya krimu ina tope mpaka magotini. Akaanza kusema maporomoko yana siku za mapumziko. Kisha akainua macho akatuona.

"Mnamwona yule?" akapaza sauti. "Mwenye jembe? Yule ni dada yangu, tumbo moja! Amekuja kunikatia maji. Wivu, ndugu zangu! Mtu akiinuka, wa kwanza kumvuta chini ni wa kwao!"

Wageni wakamzomea Mama Vitunguu. Watu wazima, wenye ofisi zao, wanamzomea mjane kwa sababu vitunguu vyake vimepata maji. Nikafungua mdomo ili nipige kelele, akanishika mkono.

"Mwache, mzee wangu. Mwache amalize hotuba yake."

Akaokota kitambaa chake. Shuka hakuligusa. Liliachwa pale juu mpaka mashamba yote yakanywa, na hakuna jirani aliyethubutu kugusa banio.

Sehemu kubwa ya ile miche iliamka. Aliihamishia shambani, akavuna, hakwenda kulala nyuma ya friji ya mtu. Kibao hakikuwekwa. Kinyozi akarudi kwenye kiti chake kisichozunguka, akatundika filimbi kwenye msumari karibu na kioo, na kila kichwa kilichokaa mbele yake kilisimuliwa jinsi dada yake alivyomharibia maisha. Watu walimwamini. Mama Vitunguu alisikia, akaendelea kupalilia. Shuka alilifua, akampelekea limekunjwa. Sikuwaona wakizungumza.

Kabla sijauhama mji ule nilikwenda kunyolewa. Nikaeleza ninavyotaka, akaniitikia vizuri sana, "Huo ndio wenyewe, Babu," akaanza kuninyoa ule ule wa siku zote. Shuka jeupe lilikuwa shingoni mwangu, linanukia pasi. Tulikuwa wawili tu. Nikamuuliza, kwa sauti ya chini. Mashine ikasimama, kisha ikaendelea. Baadaye nilimuuliza na dada yake, naye akaniambia chai inapoa. Nimepita pale mara nyingine tangu hapo, nimeuliza tena, nikaulizwa habari za magoti yangu.

Nilimuuliza hivi tu: "Kinyozi, wewe huna hata mche mmoja duniani. Siku ile ulipofunga shuka lako pale juu, ulikuwa unamwagilia nini?"