Nta Niliyopaka Mwenyewe

Aibu hii nimeificha miaka mingi, na nisingeitoa leo kama si ninyi kunichokoza kwamba mtu mzima naogopa nyuki. Ndiyo, naogopa, tena sana, na aliyepita nilipopita mimi akisema haogopi huyo ni mwongo.

Wakati huo nilikuwa karani wa duka la ushirika katika kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Sikonge, kijana mwembamba wa kalamu, na nilikuwa nimepeleka posa kwa Mzee Maganga, mrina asali, nikimtaka binti yake Nyamizi. Baba yake huyo mzee alikuwa mpagazi wa misafara ya zamani, amebeba pembe kutoka Ujiji hadi pwani, kwa hiyo kwao mwanamume ni bega. Hakunikataa. Alisema tu kwamba mvua zikikaribia tutakwenda porini kutundika mizinga, nami nitabeba mmoja begani, na nikiutua njiani basi tusisumbuane tena. Usingizi ukanihama, maana mzinga ni gogo zima lililotobolewa, na mimi hata gunia la sukari nilikuwa nashushiwa na akina mama (naona mmeanza kucheka).

Nafasi ya kutafuta nguvu sikuwa nayo. Asubuhi shamba la kijiji, mchana duka, jioni nafundisha watu wazima kusoma. Nikamlilia bibi yangu, aliyeolewa na mpagazi, naye akaniuliza nani kaniambia nguvu hutafutwa kila siku.

"Mara mbili kwa juma zinatosha," akasema. "Chukua kizito, inua polepole, mpaka mwili wenyewe ukatae. Halafu uache upone, usiwe na kiherehere."

Basi nikachagua Jumatano na Jumamosi, robo saa tu. Nyuma ya duka palikuwa na mzinga mkuukuu, mtupu, hauna mwenyewe, nikauziba upande mmoja na kuutia mchanga, na kila juma nikiongeza bakuli moja. Mwanzo uliishia magotini. Mwezi wa pili ulikuwa unapanda begani na ninalizunguka nao duka mara tatu, nikaanza kujiona. Ila mzinga ulikuwa na nyufa, mchanga unavuja, na Jumatano moja nikachukua donge la nta nikaliyeyusha nikaziba nyufa zote vizuri. Mtoto yeyote wa kwetu anajua kwamba anayetaka nyuki huupaka mzinga nta, akaenda zake akasubiri. Na mimi nilijua, wallahi nilijua, lakini hofu ya mkwe ilikuwa imejaa kichwani, mengine yote yakakosa pa kukaa.

Jumamosi ikafika, na kulikuwa na mkutano wa kijiji mbele ya duka, katibu tarafa amekuja. Ningeacha siku hiyo tu! Lakini nikasema robo saa haimpotezei mtu mkutano, nikavua shati, nikabaki na kaptula yangu ya kaki, nikauinua mzinga polepole kama bibi alivyonifunza. Nikasikia mvumo masikioni. Nikadhani ni damu yangu inachemka kwa kazi (tena nikafurahi). Mzunguko wa pili kitu kikatembea juu ya kope ya jicho langu, kingine shingoni, na cha tatu kikanichoma, hapo ndipo nilipoelewa nimebeba nini.

Sijawahi kuogopa vile, wala siombi. Miguu haikuniuliza, ilikata kona yenyewe ikanipeleka katikati ya mkutano, tumbo wazi, mzinga begani, nyuki kichwani. Watu wakatawanyika, katibu tarafa akaingia dukani kwangu akafunga mlango. Akabaki Mzee Maganga peke yake, akanijia taratibu.

"Usiutue," akasema. "Ukiuangusha watatuua, na watoto wa kijiji watakufa. Tembea."

"Baba, nakufa."

"Utakufa ukikimbia. Tembea, niko ubavuni mwako."

Nikatembea. Tulikipita kijiji chote, nyumba kwa nyumba, watu wanachungulia milangoni, nami machozi yananitoka na siwezi kuyafuta. Karibu na shule nikahisi maji ya moto yanashuka mapajani mpaka kwenye visigino, kaptula ikabadilika rangi, na nani amesimama mlango wa jikoni mkono mdomoni? Nyamizi. Nikatamani ardhi ipasuke, lakini hata ardhi niliiogopa, nisije nikajikwaa.

Tulipofika porini mzee alinisaidia kuupachika kwenye panda ya mti, mchanga na vyote, tukasogea mbali. Nikakaa chini nikisubiri kuambiwa posa imekufa. Yeye akawa ananikwangua miiba ya shingoni kwa kisu, mmoja mmoja, mpaka nikashindwa kungoja.

"Baba, kijiji kizima kimeniona nimejikojolea."

Akaifuta ncha ya kisu kwenye nguo yake. "Mimi nilikuwa naangalia bega," akasema. "Halikutua."

Tulioana mavuno yaliyofuata, na asali ya harusi ilitoka mzinga uleule, ina mchanga mchanga kidogo kwenye meno. Mazoezi ya mara mbili kwa juma sijaacha hadi leo, ila sasa nainua jiwe, na nta hailigusi ng'o. Hata hivyo, kabla sijaliinua, huligonga kwanza, nikalitegea sikio.