Siku Baba Alipoimba Ziwani

Nikipita karibu na karakana ya samani na kunusa vanishi mbichi, naikumbuka ile mashua.

Baba, seremala wa mjini Moshi, aliinunua kwa Mzungu mwenye shamba la kahawa kule Uru. Ilikuwa mashua ndogo ya tanga, ya matembezi tu, na ilikuwa imekaa ghalani miaka mingi kwa sababu mke wa yule Mzungu alizama alipokuwa akiiendesha. Siku tuliyokwenda kuichukua, Mzungu aliipapasa ubavuni, kisha akaingia ndani bila kutuaga.

"Chombo kilichoua mtu, nawe unataka kumpakia mtoto?" mama alimuuliza baba.

"Maji ndiyo yaliyoua, mke wangu, si mbao."

Baba alikuwa mtu wa Pangani, kule pwani. Nyumbani alizungumza kidogo na kula kidogo. Aliikwangua mashua, akaipaka vanishi, tukaipeleka kwa lori hadi Ziwa Jipe. Upepo ulipojaza tanga, akaanza kuimba. Sikuwahi kumsikia akiimba. Macho yake yalikuwa mbali, kwenye matete ya ng'ambo, na maji baridi yakanirukia miguuni.

"Baba, naogopa."

Hakusikia. Nikasema tena. Akanitazama kama mtu aliyeamshwa usingizini, akageuza mashua polepole, na wimbo ukaishia hapo.

Jioni mama alinikausha miguu kwa khanga yake.

"Baba yako alifurahi?" aliniuliza kwa sauti ndogo.

"Kidogo tu, mama," nikamjibu, na huo ukawa uongo wangu wa kwanza kwake.