Mtungi Uliolala Nje ya Nyumba

Habari za kifo zilinikuta sokoni hapa Lindi mjini, nimeinama nachagua mbaazi. Aliyepiga simu ni binti wa yule mama wa milimani, upande wa Kipatimu, ambaye nilipanga chumba kwake miaka niliyofundisha shule ya msingi ya kijiji chao. Kabla hajasema neno nilisikia kilio nyuma yake, nikajua. "Mwalimu, mama ametutoka alfajiri ya leo," alisema. Nikamuuliza kama aliteseka, swali ambalo sijui kwa nini hututoka sote tukipata habari za namna hii. "Alikuwa anaitafuta pumzi haipati," akasema. "Na sisi tumekaa pembeni tunamtazama tu." Niliziacha mbaazi pale pale mezani kwa muuzaji nikaenda kutafuta gari, na njia nzima mpaka Nangurukuru nilikuwa najisikiliza ninavyovuta hewa, kana kwamba nayo ingeweza kukatika wakati wowote.

Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba safu hii si ya tanzia. Huyu mama hakuwa ndugu yangu wala hakuwa mtu wa kutajwa redioni. Alilima ufuta na muhogo, alizaa, alizika mume, aliswali swala zake, na alinipokea mimi Mkatoliki mgeni kutoka Mtama kama mtoto wa nyumbani. Kila asubuhi nilimwamkia "Shikamoo, mama," naye akiitikia "Marahaba, mwalimu" kutoka ndani ya jiko lake la udongo lisilo na dirisha, sauti ikija kabla yake, kikohozi kikiifuata sauti. Alikuwa mchangamfu, mwepesi wa kucheka, lakini alikuwa mtu wa hofu, na hakuificha. Aliogopa vitu viwili: porini walikokwenda kutafuta kuni, na mtungi wa gesi. Moshi peke yake hakuuogopa. Moshi alikua nao.

Mtungi aliletewa na binti yake huyohuyo, ambaye wakati ule alikuwa ameolewa Mtama na kufanya biashara ndogo huko. Ulikuwa ule mdogo, wenye jiko lake juu kabisa, rangi bado inang'aa. Mama aliupokea kwa mikono miwili, akamshukuru mwanawe, akamwombea dua. Binti alipoondoka tu, mama aliutoa nje akaulaza chini ya uchanja wa kuanikia vyombo, mbali na ukuta, akaufunika kwa gunia. Nikamweleza kwamba mtungi haulazwi, husimamishwa, basi akausimamisha, ila kuuingiza ndani alikataa katakata. "Wewe mwalimu hukuona nilichokiona," aliniambia. "Nilipokwenda kwa mwanangu, nyumba ya tatu kutoka pale, mama mmoja aliamka kuchemsha uji wa watoto. Gesi ilikuwa imevuja, yeye hajui. Akawasha kiberiti. Nilimwona wakimtoa. Ngozi ya mikono ilikuwa inaning'inia kama sokisi iliyolegea." Tangu siku hiyo sikuwahi tena kuucheka uoga wake. Nimehudhuria mikutano ambayo wataalamu walisema wanawake wa vijijini wanaogopa gesi kwa sababu ya imani potofu, nikamkumbuka yule aliyetolewa na wale waliosimama njiani wakimtazama.

Kwa hiyo kuni ziliendelea. Zamani, mama alisema, mtu aliokota kuni nyuma ya nyumba. Mashamba ya ufuta yalivyopanuka, miti ilisogea, na wanawake wakaifuata. Jumamosi moja nilikwenda nao. Tulikuwa kundi dogo: mama, majirani zake wachache na mimi. Tulishuka bondeni, tukapanda upande wa pili, tukaingia kwenye msitu mzito ambako jua lilitufikia vipande vipande. Nilishangaa jinsi wanawake wale waliopiga soga njia nzima walivyonyamaza kwa pamoja tulipofika. Kuni zilikatwa kimyakimya, zikafungwa kimyakimya. Mama alinionyesha mavi ya tembo, bado mabichi, akaweka kidole mdomoni. Tulikuwa tumeshajitwisha na kugeuka kurudi tuliposikia tawi likivunjika juu yetu kidogo, kisha jingine, kisha ule mlio ambao sina namna ya kuuandika. Mama alinivuta mkono kwa nguvu nisizozijua. "Tupa! Tupa mzigo! Kimbia!" Nilitupa, nikakimbia, miiba ikinichana, sioni mbele, namsikia yeye nyuma yangu akitaja jina la Mungu na kukohoa kwa wakati mmoja. Tulipotokea kwenye mashamba na kuhesabiana, jirani yake mmoja hakuwepo. Alikuwa mwanamke mzito kidogo, mwenye mzigo mkubwa kuliko wetu. Wanaume walikwenda na madebe na mapanga, na hawakumkuta hai. Mzigo wake, walisema, ulikuwa bado umefungwa. Labda hakusikia, labda alishindwa kuutua kwa haraka, labda aliona vibaya kurudi mikono mitupu. Hakuna aliyejua, na kila mmoja wetu alibaki na jibu lake la kumtisha.

Siku kuni za akiba zilipokwisha jikoni, mama alisimama mlangoni pa chumba changu. Hakuingia. "Mwalimu," alisema, "njoo uniwashie lile jambo lako." Nikamwambia ni lake, si langu. "Basi njoo tufe wote," akajibu, na hakuwa anatania. Tuliubeba mtungi mpaka barazani, kwenye upepo. Tukapaka povu la sabuni pale juu jiko linapoungana na mtungi kuona kama kuna kinachopumua, kama binti yake alivyotuelekeza kwenye simu. Niliwasha kiberiti, nikafungua, moto ukashika kwa mlio mdogo wa pumzi, na sote wawili tulijikuta tumeruka nyuma tumekumbatiana. Halafu hapakutokea kitu. Moto wa buluu ulikaa pale umetulia. Mama aliutazama muda mrefu kama mtu anayesubiri uongo ujitokeze, kisha akateleka birika. Chai ilipochemka alinusa kanga yake, akanusa tena, akasema, "Hainuki."

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri, nami naikumbuka kwa woga zaidi kuliko furaha, kwa sababu sasa najua ilikuwa inaelekea wapi. Alipikia gesi chai, ugali, mboga na samaki mkavu. Mbaazi na ming'oko, ile mizizi ya porini, vyakula vinavyotaka moto wa saa nyingi, aliviwekea kuni chache alizookota karibu. Kikohozi kilipungua mpaka nikaanza kumkosa asubuhi. Alikuwa ananitokea ghafla mlangoni bila kutanguliwa na ile sauti. Wanawake wengine walikuja kutazama. Wawili watatu nao wakanunua. Waendao porini wakapungua. Mimi nilihamishiwa Lindi nikiamini kwamba kule nyuma nimeacha jambo lililokwisha.

Kisha zikaja mvua zilizokata barabara. Anayeijua njia ya kupanda Kipatimu wakati wa mvua hahitaji kuelezwa. Magari yaliishia njiani, pikipiki zikagoma, na mitungi mitupu ikajipanga kwenye baraza za watu kama watoto wanaosubiri mzazi. Gesi ilikuwepo, ila ilikuwa barabarani kule chini, na wao walikuwa huku juu. Mama alisubiri. Aliposhindwa kusubiri alirudi kwenye jiko la udongo, na kwa kuwa nje kulikuwa kunanyesha alifunga mlango, na kuni alizopata zilikuwa mbichi, zilizoloa, zinazolia moshi siku nzima. Binti yake, ambaye wakati huo alikuwa ameachika na kurudi kwa mama yake, alinisimulia kwamba jikoni humo hawakuonana nyuso. Barabara ilipofunguka walimleta hospitali hapa mjini. Daktari alimpima, akamuuliza maisha yake yote amepikia nini. Hakusema moshi ndio uliomfikisha pale wala sitamsemea. Alisema mapafu yamechoka sana, na kwamba asiingie tena kwenye moshi.

Nilikwenda kumwona wodini. Alikuwa amekaa, kwa sababu kulala kulimbana. Niliinama nikamwamkia, akaitikia kwa kichwa. Nikamwambia atapona, tutamnunulia mtungi mkubwa. Alinishika mkono. "Mwalimu," alisema, akipumzika baada ya kila maneno machache, "zamani nilikuwa sijui. Nilikohoa, nikadhani ndivyo watu walivyo. Sasa nimeshajua jiko lisilo na moshi. Kurudi humo ndani nikiwa najua... niliogopa, mwalimu. Niliogopa kuliko siku ile ya tembo. Tembo unamkimbia." Walimrudisha nyumbani, na sikumwona tena akiwa hai.

Mazishini wanawake walikuwa wamewasha moto uani, masufuria makubwa juu ya mafiga, kwa sababu msiba hulishwa na msiba ule ulijaza watu. Upepo uligeuka, moshi ukaingia barazani tulikokaa. Binti wa marehemu alikuwa na mwanawe mchanga mgongoni. Alikohoa. Kikohozi kile kile, kikavu, cha kushuka ngazi. Mtoto naye akapiga chafya, watu wakamwombea heri wakacheka kidogo, kama inavyokuwa msibani watu wanapotafuta pa kuchekea. Nilitamani kusimama niwaondoe wote pale, na sikujua ningewapeleka wapi.

Baada ya hitima binti huyo hakulia tu. Aliwakusanya wanawake wenye mitungi, wakaenda pamoja kwa mwenye duka mmoja kule juu, wakamkalia. Nilifuatana nao. "Huuzi soda tu humu," alimwambia. "Mvua hazijaanza. Pandisha mitungi iliyojaa sasa, uiweke mahali penye hewa. Ikikatika barabara tuje kwako." Mwenye duka alisema anaogopa kuweka moto mwingi namna ile karibu na bidhaa zake. Binti akamjibu, "Na sisi tunaogopa. Jenga kibanda pembeni, tutasaidia kukandika." Mzee yule aliwatazama mmoja mmoja, akakubali. Nilipoondoka nguzo zilikuwa zimesimama na mitungi ya kwanza imefungwa kwenye gari inapanda.

Ningependa kumalizia hapo, nikapumua. Sipumui. Mitungi ya kibanda kimoja itatosha mvua ngapi? Ni vijiji vingapi kutoka Kiranjeranje mpaka huko ndani ambako mwanamke ameshawasha moto wa buluu mara moja, akapigwa picha, akapigiwa makofi, kisha akaachwa? Tunahesabu siku ya kugawa mitungi kama siku ya ushindi. Yule mama amenifundisha kuitilia shaka siku hiyo. Atakayempelekea mtu nishati safi lazima ajiulize kwanza itamfikiaje mara ya pili, na ya tatu, barabara ikiwa imekatika na mfuko wake ukiwa mtupu. Na auchukulie kwa uzito woga wa anayepokea, kwa sababu mara nyingi woga huo umeona kitu. La sivyo tutakuwa tumemtoa mtu kwenye moshi kwa muda wa kutosha tu kuujua, halafu tukamfungia mlango akiwa ndani. Leo asubuhi mawingu yamejikusanya upande wa milimani, na nimempigia binti yule simu kumuuliza kama mitungi yote imeshafika. Simu yake inaita, haijapokelewa.