Sabufa ya Mama Mkwe

Mimi ni fundi wa spika, na mwaka huu nimeona vitu vinavyoitwa sabufa ambavyo hata kuku asingekubali kutagia ndani yake. Nikisema naona kinyaa, sipambi maneno. Kuna siku nilitoka dukani nikatema mate barabarani, mtu mzima mimi, watu wananitazama.

Mtaani wananiita Nyanyua. Jina hilo nimejitakia kwa mdomo wangu. Kila aliyeniuliza spika huchaguliwa vipi nilimjibu neno hilo hilo: nyanyua. Sumaku nzuri ni nzito, mbao nzuri ni nzito, transfoma ya kweli ni nzito. Boksi likikushinda kwa mkono mmoja, chukua, nenda nalo nyumbani. Nimehubiri hivyo miaka kumi na tisa, kibandani kwangu, kwa kinyozi, hata msibani.

Basi sabufa ya baba mkwe ikaungua koili. Mzee huyu alikuwa dereva wa malori mpaka macho yalipomwishia, na tangu hapo sinema anazisikiliza. Zile spika ndogo tano za ukutani zinampa maneno, na sabufa, lile boksi la besi linalokaa sakafuni, ndiyo inayompa injini. Lori likipita kwenye filamu anakwambia lina silinda ngapi na dereva wake ni mzembe kiasi gani. Sabufa ilipokufa aliacha kukaa sebuleni. Mchana kutwa yuko chumbani, ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono magotini.

Mama mkwe akanipigia simu. "Mwanangu, tafuta nyingine upesi. Mzee hasemi, hali vizuri. Nitabaki na nani wa kugombana naye?"

Nikaingia madukani, na huko ndiko roho iliponichafuka. Maboksi yanawaka taa za rangi saba, yanameta utadhani yanaolewa. Kwenye karatasi imeandikwa wati elfu kumi na mbili, na waya wake wa umeme ni mwembamba kuliko kamba ya kiatu. Nilipogonga mbao kwa kidole, ikaitika kama kasha la viatu. Muuzaji mmoja, kijana wa miwani ya jua ndani ya nyumba, aliniwekea muziki wa kupasua masikio ili nisisikie kitu.

"Punguza," nikamwambia.

"Bosi, sabufa haijaribiwi kwa sauti ndogo! Wewe nyanyua tu. Likiwa zito, limekwisha hilo."

Nikafurahi, mjinga mimi, kwamba elimu yangu imefika mpaka kwa wauzaji. Hata hivyo sikununua. Nilizunguka wiki tatu, hili nalikataa, lile nalikataa, mpaka mama mkwe akachoka kunisubiri.

Jumamosi nilipofika kwao nikaikuta sebuleni, nyeusi, inameta. Alikuwa ameinunua mwenyewe na kuipandisha ngazi za ghorofa tatu kifuani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu inyanyue, kisha useme."

Nikainyanyua. Ilikuwa nzito kweli, mgongo ukalia.

"Si ulisema wewe?" Akacheka, akajifunga kanga vizuri. "Na wale mawifi zangu waje sasa waseme natapeliwa!"

Hapo nisimcheke. Tangu mzee apoteze macho, vitu vyote vya nyumba anachagua yeye, na hakuna alichokileta ambacho mawifi hawajakikosoa. Jokofu, pazia, mpaka ndoo. Wanamwambia mbele ya mume wake kwamba anaifilisi nyumba.

Akawasha filamu. Wallahi, ile si besi. Ilikuwa kama mtu anapiga beseni la plastiki kwa kandambili. Lori likapita. Mzee, ambaye alikuwa ametolewa chumbani kwa heshima ya siku hiyo, akageuza uso upande wa dirisha.

"Iko vizuri," akasema. "Mke wangu ana jicho."

Mama mkwe alipokwenda jikoni kuchemsha chai, mzee akaniinamia. "Mkwe, lile lori limepita na injini ya cherehani."

"Nimesikia, baba. Hii ni takataka. Tuirudishe leo leo."

"Thubutu! Ungemsikia alivyokuwa anahema mlangoni siku aliyoileta! Usimwambie. Mimi nitazoea."

Tukanywa chai. Nikamwambia mama mkwe kuna skrubu imelegea, naomba nikaikaze kibandani. Akakubali, ila akanisindikiza mpaka ngazini akinionya nisiikwaruze.

Nikaifungua kwa bisibisi. Spika iliyokuwa ndani ina upana wa kisahani cha chai, sumaku yake kama kifungo cha koti. Na pembeni, limebandikwa kwa gundi, tofali. Tofali la kujengea, zima kabisa, hata saruji ya ukuta wa zamani ilikuwa bado imeshikilia.

Nilikaa chini. Mwanzo niliwatukana waliolitengeneza boksi lile, mmoja mmoja, na mama zao nikawagusa kidogo. Kisha matusi yakanigeukia. Nani aliwafundisha watu wa mji huu kununua uzito? Wao walisikia tu wateja wanataka nini, wakakitia ndani ya boksi. Nilijiona mchafu kuanzia kwenye kucha.

Nilikwenda nyumbani nikafungua sabufa yangu, ya sumaku ya haki, nikang'oa spika yake na amplifaya. Mke wangu akanishikia tochi, ni baba yake. Nikavipachika kwenye boksi la mama mkwe baada ya kung'oa tofali na kupanua tundu lake. Besi ikatoka nene, ya chini, mpaka bisibisi zikatetemeka mezani. Nikainyanyua nipeleke.

Nyepesi. Sumaku ile ni nzito, lakini si nzito kama tofali. Na mama mkwe huinyanyua kila asubuhi kufuta vumbi chini yake. Angejua siku ya kwanza, na angejua nilichokitoa.

Nikachukua gundi. Nikalipaka lile tofali kwa mikono yangu hii, nikalirudisha ndani, pembeni, lisizibe hewa.

Jumapili mchana lori likapita kwenye filamu. Mzee akanyoosha mgongo. "Silinda sita," akasema. "Na huyu kijana anaua gia. Kanyaga klachi, mpumbavu!" Akacheka mpaka akakohoa, na mama mkwe akamgombeza kwa kelele.

Nilikuwa karibu kufurahi. Mlango ukagongwa, akaingia jirani wa ghorofa ya chini, muuguzi aliyestaafu, anayetaka kununua sabufa kesho yake. Mama mkwe akamshika mkono, akamsogeza kwenye boksi.

"Nyanyua, dada. Ndivyo zinavyochaguliwa."

Muuguzi akainama, akanyanyua, akashusha akihema. "Heee! Nzito kweli." Akanigeukia. "Eti fundi, kwa hiyo mimi niangalie uzito tu?"

Mama mkwe ananitazama, anatabasamu. Mzee ametega sikio.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Uzito tu."