Kamera ya Mtoto na Baba Mkwe wa Uyole

Jamani, hii habari watu wa Uyole wanaijua yote na watu wa Ipogolo wanaijua nusu, kwa hiyo bora niimalizie mwenyewe kuliko muipate kwa wifi yangu Tumpe, ambaye akiisimulia anacheka mpaka anashika mbavu. Mimi sicheki. Nimejaribu kucheka, imekataa.

Mnanijua, mimi Mhehe, nimezaliwa na kukulia hapa hapa Ipogolo, Iringa, kazi yangu kusuka nywele, nimeolewa na Asajile ambaye ni Mnyakyusa wa Uyole kule Mbeya. Sasa kwa wakwe zangu kuna heshima moja ambayo wengi wameshaiacha, lakini baba mkwe wangu hajaiacha wala hana mpango huo: mke wa mwana na baba wa mume hawaonani. Humwangalii, huongei naye, ukisikia anakuja unapotelea upande mwingine, na jina lake hulitamki hata ukiwekewa kisu shingoni. Miaka yote ya ndoa yangu yule mzee nilimjua kwa kikohozi na kwa kofia yake iliyoning'inia ukutani, na nikienda ukweni nilikuwa naishi jikoni kama paka.

Halafu nikajifungua Gwamaka. Mjukuu wa kwanza wa kiume, tena amebeba jina la baba mzazi wa mzee. Mzee akawa anatamani kumwona mpaka Tumpe, anayeishi naye, akasema kula kwenyewe anakula kwa shida, lakini kuja kwetu hawezi, maana nyumba yetu ina vyumba viwili, mimi ningejificha wapi, chini ya kitanda? Ndipo mimi mwenyewe (hapa anayetaka anipige kofi) nikatoa wazo la kununua ile kamera ya kumwangalizia mtoto, inayoonyesha picha kwenye simu na kupitisha sauti huku na huku hata mtu akiwa mbali. Mzee atamwona mjukuu, mimi hataniona, heshima inabaki palepale. Niliona nina akili kuliko ukoo mzima.

Na mzee alifurahi, jamani. Alituma maneno kupitia Tumpe kwamba siku ya ubatizo atakuja Iringa mwenyewe, atampakata mtoto, na mimi atanipa kitenge mkononi, na kuanzia hapo nitaruhusiwa kumsalimia uso kwa uso. Mnaelewa? Mimi ambaye nilisemwa sana wakati wa posa, eti mwana ameenda kuoa mbali wakati wasichana wamejaa nyumbani, nilikuwa naenda kupewa kitenge na mkono wa mzee mwenyewe. Nilikuwa nakiota kile kitenge. Nilikuwa nimeshachagua na mshono.

Basi kamera nikaifunga mwenyewe, Asajile akiwa gereji. Simu ikawa inaniuliza maswali kwa Kiingereza, mimi nabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo. Swali moja lilikuwa kama kamera imfuate anayetembea, nikaona vizuri, mtoto si atakuja kutambaa? Nikabonyeza ndiyo. Nikamtumia Tumpe namba ya siri ili mzee aangalie kwenye simu yake, tukakubaliana kwamba kitaa cha kijani kikiwaka pale kwenye kamera, basi Uyole wanaangalia, na mimi natoka chumbani.

Ilienda vizuri sana. Mzee alikuwa anaangalia asubuhi akishakunywa uji, kitaa kinawaka, mimi natoka, kitaa kinazimika, mimi narudi. Tatizo kitaa chenyewe kilikuwa kinammulika Gwamaka machoni, kikiwaka anashtuka, akishtuka halali tena. Siku moja nikachukua kipande cha plasta nilichorudi nacho kutoka hospitali, nikakibandika juu ya kitaa. Kipande kidogo tu, wala hakifikii kidole. Nikajiambia, kwani kuna shida gani, si ratiba ya mzee naijua?

Ikaja Jumapili. Mchana, Asajile hayupo, mimi nimetoka kuoga yale maji ya moto ya uzazi, nimevaa shimizi, tumbo nimelifunga kwa khanga kuukuu, nywele nimefumua upande mmoja na upande wa pili bado una mabutu. Gwamaka analia hataki kulala. Nimeimba, hataki. Nimecheza, hataki. Sasa mnajua baba mkwe wangu ni mzee wa kanisa na sala zake zinajulikana, mimi nimezisikia sana kutoka jikoni: anaanzia Uyole, anateremka Rujewa kuombea mpunga wa mdogo wake, anapanda tena, na chakula kinapoa. Nikavaa koti la Asajile juu ya shimizi, nikachukua mwiko ukawa fimbo, nikakohoa kama yeye, nikaanza.

"Bwanaaa! Mimi mtumishi wako Anyosisye nimesimama tena mbele zako! Uuangalie mpunga wa Rujewa, Bwana! Ndege wasiuone, Bwana! Na wewe Bwana usikie haraka, maana ugali unapoa!"

Jina nimelitaja. Nimelitaja lote, kwa sauti, tena nimelivuta.

Na Gwamaka akacheka! Mtoto aliyekuwa hajawahi kucheka kwa sauti, akacheka, na mama gani ataacha hapo? Nikaongeza. Nikazunguka chumba nikitikisa makalio, nikiombea ng'ombe, nikiombea malori ya pale barabarani Uyole, na kamera ikawa inageuza shingo polepole, inanifuata, kona hii, kona ile, na mimi nikaona raha, nikaisogelea nikaiinamia kabisa (na lile shimizi, jamani, na matiti ya kunyonyesha) nikaiambia, "Semeni amina!"

Kamera ikakohoa.

Kile kikohozi nakijua. Nilisimama na mwiko wangu juu. Halafu sauti ya mama mmoja, "Ee Yesu!", halafu kiti kinaburutwa, halafu Tumpe anapiga kelele, "Wifi! Wifi, tunakuona! Upo kwenye tivii!" Kumbe siku ile jumuiya ya kanisa ilisali nyumbani kwao, na mzee kwa furaha yake akataka wazee wenzake na akina mama wote wamwone mjukuu, Tumpe akaunganisha simu na tivii ile kubwa ya sebuleni. Walikuwa wanasubiri tu mtoto anyamaze wamwombee.

Mtu mwenye akili angechomoa waya. Mimi nilikimbia. Nikakimbilia nyuma ya mlango, kamera ikageuka. Nikakimbilia pembeni ya kabati, ikageuka. Nikalala chini nikatambaa, ikainamisha kichwa ikanitazama, na Uyole nasikia watu wanasema, "Zima! Zima hiyo!" na Tumpe anasema, "Sijui inazimwaje!" Nikairushia khanga ya tumboni, khanga ikaivuta kamera ikaanguka sakafuni ikatazama juu, na mimi nilikuwa nimesimama palepale ilipoangukia, na zaidi ya hapo sitaki kuulizwa.

Asajile aliporudi alikuwa ameshapigiwa. Alikaa kitandani na viatu vyake vya grisi, mkono kichwani.

"Nguo hazina neno," akasema. "Nguo tutasema bahati mbaya, ulikuwa chumbani kwako. Lakini ni kweli umemtaja jina?"

"Nilikuwa nambembeleza mtoto, baba Gwamaka."

"Ni kweli umemtaja?"

"Nimemtaja."

Hakunigombeza, na ni afadhali angenigombeza. Alivua kiatu kimoja, akakaa hivyo hivyo na kile kingine mguuni mpaka chai ikapoa. Mimi nililia mpaka maziwa yakapungua, mtoto naye akalia kwa njaa, nyumba nzima kilio.

Nilituma msamaha kupitia Tumpe. Jibu likarudi: "Mzee amesema amesikia." Basi. Amesikia! Nililigeuza lile neno wiki nzima, asubuhi naona ni zuri, jioni naona ni baya, na sikuwa na mtu wa kumwuliza isipokuwa mwenyewe ambaye siruhusiwi kuongea naye. Siku ya ubatizo ikafika, kiti chake tulikiweka mbele kabisa na kitambaa juu, na aliyeshuka kwenye basi ni Tumpe peke yake. Nilimwangalia mikononi kabla hata ya kumsalimia. Alikuwa na mkungu wa ndizi. Kitenge hakuna.

Plasta niliibandua. Ile ya kumfuata anayetembea niliizima, kamera sasa inaangalia kitanda cha mtoto na si kingine, na mimi naingia chumba kile nimejifunga khanga mbili kama naenda msibani, na sala ya mtu siigizi tena mpaka naingia kaburini, hata niwe peke yangu na mlango nimefunga. Kila asubuhi saa za uji nilikuwa nakiangalia kile kitaa. Hakikuwaka. Gwamaka akaota jino, hakikuwaka. Akajifunza kukaa, hakikuwaka, na mimi nikaacha kusubiri.

Juzi nakunja nepi pale chumbani, kikawaka.

Nilitoka mbio mpaka nikagonga kidole cha mguu mlangoni. Nikasimama nje, nimeegemea ukuta. Sasa Gwamaka alivyoona nimemkimbia akaanza kulia, kilio kile cha kukata pumzi, na kitaa kinawaka, na mimi siwezi kuingia. Nikasikia kikohozi. Halafu, "Nyamaza, baba. Nyamaza, Gwamaka." Hakunyamaza. Kikohozi tena. Halafu mzee akasema, kwa sauti ya kuwatuma watu waliojaa nyumbani kwangu, wakati nyumbani sikuwa na mtu hata mmoja:

"Mwambieni mama yake aingie. Mimi nimefumba macho."

Niliingia nimeinamisha kichwa, khanga mpaka puani, nikambeba mtoto nikatoka naye. Nimefika mlangoni nikasikia, "Ameshatoka?"

Nani amjibu? Mimi siruhusiwi. Gwamaka alikuwa ameshanyamaza, ananyonya. "Ameshatoka?" akauliza tena, taratibu. Nilibaki pale nje ya mlango na machozi yananitoka, nakitazama kile kitaa cha kijani kikiendelea kuwaka, na kule Uyole mzee wa watu amekaa na simu mkononi, amefumba macho, anasubiri kuambiwa ayafumbue.