Mwenyekiti wa Mama Lishe Aenda Kupimwa

Banda langu la chakula liko nyuma ya stendi ya Kayanga, upande ule ambako magari madogo hugeuzia, na kwa miaka mingi nimeamini kwamba Karagwe nzima hakuna anayepika kwa usafi kama mimi. Tena nilikuwa naamini kwa sauti. Wapishi wenzangu waliponichagua kuwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha mama lishe, mume wangu alisema wamenipa kazi ili nipunguze kuchungulia masufuria yao. Nilimwambia ana wivu.

Kiangazi kimoja maji yalikuwa ya shida. Visima vya bondeni vilibaki matope, vijana wa bodaboda wakawa wanaleta madumu kutoka mbali, na vumbi la barabara lilitua kila mahali, hata kwenye chai. Watu wakaanza kuharisha. Halmashauri ikamtuma bibi afya wetu apite hoteli kwa hoteli, banda kwa banda. Alikuwa binti mdogo, mpole, mwenye adabu ya kukuchanganya. Alikuwa anakuamkia kwanza, wewe unaitika marahaba kwa furaha, ndipo anakuonyesha kosa lako.

Alitaka chakula kifunikwe na kiliwe cha moto. Alitaka kila banda liwe na ndoo ya bomba ya kunawia, maji ya kunywa na ya juisi yachemshwe, nywele zifungwe kitambaa. Mwisho akasema kila anayegusa chakula aende hospitali akapimwe choo. Yale ya mwanzo niliyasikiliza kama mtu anayesomewa sifa zake. Nikaandamana naye kama mwenyeji wake, nikimwonyesha hata makosa ambayo yeye hakuyaona. Jirani yangu wa banda la pili, mama mmoja mkazi wa Kanoni ambaye wazazi wake walitoka Burundi, alikuwa ameacha chapati wazi kwenye sinia. Nikamhutubia kuhusu nzi, wanakotua na wanakotoka, mpaka bibi afya akanigusa bega twende. Yule mama alifunika chapati zake, akasema asante. Asante yake ilinikera. Ningependa abishe kidogo.

Habari ya choo ndiyo iliyoleta manung'uniko. Wenzangu waliona aibu, wengine wakahofia kufungiwa mabanda. Walikuja kwangu nikawatetee, maana ndiyo kazi ya mwenyekiti. Badala ya kuwatetea nikasimama nikawaambia kwamba mtu msafi haogopi kipimo, na kwamba mimi nitakwenda wa kwanza ili waone.

Hospitali walinipa kikopo kidogo cha plastiki nikakijaze nyumbani. Kukijaza hakukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kukisafirisha asubuhi, kwa miguu, katika mji ambao kila mtu ananijua. Kikopo chenyewe kilikuwa kinaonyesha ndani. Kukitia kwenye mkoba wangu wa kanisani nilikataa. Mwishowe nikachukua jani kavu la mgomba, nikakifunga vizuri, nikakaza kwa kamba ya mgomba. Kikatoka sawasawa na vifurushi vya akamwani, ile kahawa ya kutafuna ambayo kwetu mgeni hupewa hata kabla hajaulizwa habari. Nilikigeuza mkononi nikajipongeza. Hata nikikutana na mtu, nilijiambia, ataona nimebeba kahawa. Hapo ndipo akili yangu ilipoishia.

Kabla sijafika barabara ya lami nilimwona baba mkwe wangu akishuka kwenye bodaboda. Alikuwa ametoka Ihembe, hakuwa ametuambia kama anakuja. Ni mzee wa maneno machache, na tangu niolewe sijawahi kula mbele yake wala kumtazama usoni kwa muda mrefu. Nikapiga magoti vumbini, kifurushi mikononi, kwa sababu sikuwa na mahali pa kukiweka.

Nikamwamkia, akaitika. Akauliza habari za nyumbani, za mwanawe, za wajukuu, za migomba yetu kama inavumilia jua. Nilijibu moja baada ya jingine, lakini nilikuwa naona macho yake yanakwenda wapi. Alipomaliza salamu alinyoosha mkono, kiganja juu, kama mzee anayepokea haki yake.

"Hukunisahau," alisema.

Nikamwambia hiyo ni dawa. Akauliza ya nani. Nikasema ni yangu. Akauliza naumwa nini, na ni mti gani, kwa sababu miti ya dawa anaijua yote, akaomba nimpe ainuse. Nilitafuta uongo mwingine sikuupata. Magoti yalikuwa yananiuma, na mwendesha bodaboda alikuwa bado amesimama, amezima pikipiki ili asikie vizuri.

"Baba, ni choo," nikasema. "Nakipeleka hospitali kikapimwe."

Mkono wake ulikaa hewani kidogo, kisha ukarudi taratibu kwenye fimbo. Akatazama vilima vya ng'ambo kwa muda, kama anayesoma dalili za mvua.

"Basi nenda, mwanangu," alisema. "Kisije kikapoa."

Majibu yalitoka siku hiyo hiyo. Nilikuwa na amiba. Mtu wa maabara aliniuliza nakunywa maji gani, nikamjibu bila kusita kwamba yaliyochemshwa. Kisha nikakumbuka kwamba ninayoyachemsha ni ya wateja. Mimi mwenyewe tangu utoto nakunywa ya mtungini, yaliyochemshwa naona yananuka moshi. Nikamweleza hivyo. Aliandika bila kuinua kichwa, na nilimshukuru kwa hilo.

Jioni nilimkuta baba mkwe amekaa sebuleni. Nikamletea akamwani ya kweli, nimeimwaga kwenye kisahani, wazi, kila punje inaonekana. Aliitazama kidogo kabla ya kuchukua. Mume wangu alitoka nje ghafla kwenda kuangalia mbuzi, ambaye hatunaye.

Kesho yake bibi afya alikuja, akaniamkia, akanieleza kwamba nisiguse chakula mpaka nimalize dawa na kupimwa tena. Mama wa Kanoni alikuwa amekwenda kupimwa kimya kimya, hakukutwa na kitu. Alijitolea kupika kwenye mabanda yote mawili, akisaidiwa na dada yake, ili wateja wangu wasitawanyike. Kwa hiyo nilikaa kwenye benchi la wateja wangu mwenyewe, mdomo una ladha ya msumari kwa sababu ya vidonge, nikitoa maagizo. Nilimwambia apunguze moto, aongeze chumvi, ageuze ndizi. Kila agizo aliitikia asante, halafu akaendelea kama alivyokuwa. Wateja wakiniuliza mbona nimekaa, nilisema napumzika.

Lakini wenzangu waliona nimekaa, wakajijibu wenyewe. Wakaambiana kwamba ukienda hospitali hurudi jikoni, mtazameni mwenyekiti. Hakuna aliyekwenda tena kupimwa. Na watu mjini walizidi kuharisha. Bibi afya akaja akakaa karibu yangu kwenye benchi. Hakuniamuru. Aliuliza tu kama ningeweza kuwaeleza wenzangu ukweli, maana yeye wameacha kumsikiliza.

Nilimwambia aniache nifikiri. Nilichofikiria, kusema kweli, ni heshima yangu. Niliifikiria tangu asubuhi mpaka mchana, huku nikiletewa chai kwenye banda langu kama abiria aliyekosa gari, na kadiri nilivyoitazama ndivyo nilivyoona imebaki kidogo sana, haifai kulindwa kwa gharama kubwa.

Baada ya wateja wa mchana kuondoka niliwaita wenzangu nyuma ya mabanda. Nilisema nina amiba, niliipata kwa maji yangu mwenyewe, na hakuna aliyenifungia banda. Walinisikiliza kimya, macho chini, kama watu waliokuja msibani. Kimya hicho kilinitisha. Nikajikuta nasimulia na habari ya jani la mgomba, ambayo nilikuwa nimeapa kuzikwa nayo. Nilipofika pale baba mkwe aliponyoosha mkono, mtu mmoja aliguna. Nilipofika kwenye kupoa, mama wa Kanoni, ambaye sikuwahi kumsikia akicheka, alikaa chini vumbini akajifunika uso kwa kanga, mabega yanatetemeka. Wengine wakamfuata. Nilisimama katikati yao nikingoja wamalize, na walichukua muda wao.

Asubuhi iliyofuata walikwenda hospitali kwa kundi, kila mmoja na chake, wakisalimiana njiani kwa kuulizana kama bado cha moto. Wachache walikutwa na ugonjwa kama mimi. Wakakaa kwenye mabenchi yao wakanywa dawa, na majirani zao wakawapikia. Mambo ya kuharisha yakapungua polepole, na sijui kama ni kwa sababu yetu, au ya yale maji yaliyochemshwa, au ya mvua iliyokuja kusafisha barabara. Bibi afya anasema ni kwa sababu yetu. Ni binti mwenye adabu.

Nilipopimwa tena nikakutwa mzima, nilirudi kwenye masufuria yangu nikiwa na hamu kubwa. Siku ya kwanza dereva mmoja anayekwenda Kyerwa alikula, akauliza kwa upole nani kapika maharage. Nikamjibu ni mimi, mwenye banda. Akasema ni mazuri, lakini ya wiki iliyopita yalikuwa na utamu wake. Mteja wa pembeni yake akaitikia kwa kichwa, mdomo umejaa.

Niliwaza kukasirika, nikaona nimechoka. Nikaenda banda la pili nikamwomba mama wa Kanoni tuvunje ubao uliotenganisha majiko yetu. Hakuuliza sababu. Siku hizi yeye anapika maharage, mimi nachemsha ndizi, na nikimpa ushauri ananiambia asante.