Madoa ya Mikono Yangu

Wanawake wa kanisa walikuja kwangu Kendu Bay na unga, sukari, na kesi ambayo walikuwa wameshaikata. Mwenyekiti wao alikuwa ameyaona madoa meusi mikononi mwangu Jumapili, nilipoinua mikono kuimba. Sasa alitaka niseme kwamba mke wa mwanangu ananipiga.

Nilimweleza alivyonieleza daktari. Nimeanika omena, dagaa wa ziwani, ufuoni tangu nikiwa msichana, mikono wazi, juani kutwa. Jua na uzee vimeichakaza ngozi ikabaki kama karatasi. Nikigonga tu ukingo wa beseni, damu inavilia chini ya ngozi, na wala siumwi.

"Mama, usimfichie makosa," akasema, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto.

Mke wa mwanangu alikuwa amesimama hapo hapo na trei ya chai aliyowapikia. Ndiye anayenipaka mafuta kila asubuhi, kwa ncha za vidole, asije akaniachia alama. Hakuna aliyepokea kikombe. Hasira zilinipanda, machozi yakanitoka, nao wakaona hilo ndilo jibu.

Wakasimama kuniombea. Mwenyekiti akanikamata mkono, akaufinya mpaka amina, akimkemea shetani aliye katika nyumba hii.

Kesho yake asubuhi vidole vya mwenyekiti vilikuwa vimejichora mkononi mwangu, vyeusi, kimoja kimoja. Jumapili nikavaa blauzi ya mikono mifupi, nikaenda kuketi kiti cha mbele, kando yake.